Mama Alipokwenda Kukagua Supu ya Wachina

Walimu wenzangu, mmeniuliza mmoja mmoja habari za safari, na kila mara nimeanza mwanzo, na kila nikikaribia kufika kwenye ulimi wa mpishi kengele ya kipindi inalia. Nimechoka. Nimekaa nimeandika yote. Someni kwa kupokezana, na tafadhali msinimwagie chai juu ya karatasi, maana mnajua zinavyopatikana siku hizi.

Kwanza kisa chenyewe. Mdogo wangu Prosper, kitinda mimba wa Mama, yuko China anasomea uhandisi wa maji, na amebakiza mwaka mmoja. Mwezi uliopita aliandika barua ndefu, nami nikamsomea Mama jikoni. Kwenye ukurasa wa pili alieleza kwamba huko kusini anakokaa, asubuhi hula tambi za mchele ndani ya supu, na raha yake ni kwamba unaletewa bakuli la supu tupu pamoja na visahani vingi, halafu kila mtu anajitilia anachotaka. Mama akaacha kumenya ndizi.

"Kila mtu anajitilia?"

"Ndivyo alivyoandika, Mama."

"Hakuna wa kumpakulia?"

Nikacheka, na hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mgeni hajipakulii. Anayejipakulia ni mlafi, au ni mtu asiye na kwao. Mama akaifuta mikono yake kwenye kanga, akasema kwamba mwanawe amekuwa yatima na mama yake yu hai. Akasema atakwenda kukionja chakula hicho mwenyewe, na akiona si chakula cha mtu, atamwandikia Prosper arudi.

Mnamjua Prosper. Alipokuwa sekondari, Mama alituma neno tu kwamba amemwota vibaya, kijana akatembea siku nzima kuja kuonyesha kwamba yu mzima. Barua ya Mama ingemtoa China kabla ya kumaliza masomo, arudi na begi lake na nusu ya elimu. Mimi nilitaka abaki. Basi safari hii Mama alikwenda kukagua supu, na mimi nilikwenda kuitetea, ingawa sikuwa nimeiona.

Jinsi tulivyopata ruhusa ya kufika kambini siwachoshi. Inatosha kusema kwamba rafiki yangu mmoja wa chuo ameolewa na Shabani, dereva wa Wachina wanaochimba visima nyanda za chini ya Sanya Juu. Mpishi wao, Shabani alisema, anatoka huko huko kusini.

MWIKA HADI MARANGU, KWA MIGUU

Tulitoka Jumapili baada ya misa ya kwanza. Basi la kutoka Rombo halikupita kwa kukosa dizeli, kwa hiyo tukashika njia. Mama alibeba kikapu chenye chungu cha kiburu, yaani ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, na juu yake akaweka ndizi mshare mbichi kama ishirini.

"Hizo za nini? Tunakwenda kula kwao."

"Wewe unakwenda kula," akasema. "Mimi nakwenda kuona."

Kutoka Mwika hadi Marangu ni mwendo wa saa mbili kwa mtu wa kawaida. Mama si mtu wa kawaida. Kila penye njia ya kuingia kihambani, kwenye migomba ya mtu, alisimama akasalimu, akaulizwa anakwenda wapi, akajibu, na akaanza upya habari za mwanawe anayejipakulia. Wanawake walishika vichwa. Mmoja aliyekuwa anakatia ng'ombe majani alilia kabisa, akatupa parachichi sita tumpelekee Prosper. Nilijaribu kueleza kwamba tunakwenda Sanya Juu, si China. Akaniambia nisiwe na roho mbaya, nibebe tu. Nikabeba.

MARANGU HADI MOSHI

Marangu Mtoni tulipata basi, na kiti cha mbele kabisa, kwa sababu Mama alimwambia kondakta kwamba anafanana na marehemu mjomba wake. Sijui kama ilikuwa kweli. Tuliteremka hadi Himo, joto likaanza kutupanda miguuni, na Mama akavua sweta moja, akabaki na la pili.

Himo tulikaa saa nzima tukisubiri tairi lizibwe. Pale akatokea mzee mmoja mwenye koti la jeshi, akamwambia Mama kwamba yeye aliwahi kufanya kazi na Wachina kwenye reli.

"Wanakula nini?" Mama akauliza, na mwili wote ukamgeukia.

"Kila kitu, mama. Kila kitu kinachotembea."

Nilitamani kumfunga mdomo na kamba ya mzigo. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kukaribishwa mezani kwao. Akakiri kwamba hapana, yeye alikuwa mlinzi wa getini. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na kuanzia Himo hadi Moshi Mama alihesabu rozari.

MOSHI, AMBAKO HATUKUKUSUDIA KULALA

Mjini tulimkuta Bwana Harbans, Kalasinga mwenye kiwanda kidogo cha mbao, aliyekuwa rafiki wa marehemu Baba. Lori lake lilikuwa liende kufuata magogo upande wa Kilimanjaro Magharibi, na lingetuacha Sanya Juu. Alikuwa ametungoja. Tatizo ni kwamba betri nayo ilikuwa imetungoja, ikachoka. Wakasukuma lori, wakalala chini yake, wakalisifu, wakalitukana. Lilipowaka hatimaye Bwana Harbans akatazama saa, akazima injini mwenyewe.

"Saa nane kasoro dakika tano, Mwalimu. Jumapili. Tukifika mzunguko wa kwanza tu, polisi wanatushika."

Kwa wale mliokuwa na bahati ya kutokuwa na gari, niwakumbushe kwamba Jumapili baada ya saa nane mchana magari hayaruhusiwi barabarani, ili nchi ipumzishe mafuta. Basi tukapumzika pamoja na nchi, nyumbani kwa Bwana Harbans.

Mke wake alitupikia dengu na chapati. Hapa pakatokea jambo ambalo Mama amenikataza kulisimulia, kwa hiyo nalisimulia. Yule mama wa nyumba hakula nasi. Alisimama karibu na jiko, na kila Mama alipomaliza chapati, ya moto ilitua kwenye sahani. Mama aliona ni adabu kumaliza anachopewa. Mwenzake aliona ni adabu kutoacha sahani ya mgeni tupu. Walipigana vita hivyo kwa heshima kubwa mpaka chapati ya saba, ndipo Bwana Harbans akamwonyesha Mama namna ya kufunika sahani kwa kiganja. Mama akashika tumbo, akaniambia kwa Kichagga kwamba huyu ni mwanamke wa maana, anajua kupakulia. Kisha akatoa chungu cha kiburu, maana kisingefika kesho bila kuchacha, na nyumba nzima ikala. Bwana Harbans alirudia mara mbili.

Nililala nikiwa na wasiwasi. Chapati zile zilikuwa zimepandisha kipimo, na supu yetu ya Sanya Juu ilikuwa bado haijapikwa.

MOSHI HADI SANYA JUU, JUU YA LORI

Jumatatu asubuhi Kibo, kilele cha mlima, ilikuwa wazi kabisa, nyeupe, na Mama akasema ni dalili njema, kisha akakumbuka kwamba ilikuwa wazi vile vile siku aliyovunjika mkono. Yeye alikaa ndani na dereva. Mimi nilikaa nyuma juu ya minyororo ya magogo, na sitasema zaidi kuhusu hilo isipokuwa kwamba hadi leo naandika nikiwa nimesimama.

Boma Ng'ombe tulinunua mahindi ya kuchoma. Baada ya hapo njia ikapanda tena, vumbi likawa jekundu, na sokoni Sanya Juu tukakuta pamejaa watu na viazi. Shabani alikuwa ametufuata na gari la kambini. Ni mtu wa Tanga, mpole, anasema maneno mawili pale wengine tunaposema kumi. Alimwamkia Mama shikamoo huku ameinama, akampokea kikapu, akampa kiti cha mbele. Nikaona uso wa Mama umelegea kidogo.

"Wewe mwanangu unakula kwao?"

"Nakula, mama. Jikoni wananitengea sufuria langu, wanajua nguruwe situmii."

"Na wanakupakulia?"

Shabani akanitazama kwenye kioo. Nikatikisa kichwa, naye akasema barabara ina mashimo sana siku hizi.

BAKULI

Kambi ni mabanda manne ya bati, bomba za kuchimbia, na bustani ya mboga iliyopangwa kwa mistari kama daftari la darasa la kwanza. Mpishi anaitwa Bwana Li. Ni mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye aproni safi kuliko mashuka yangu. Wenzake walikuwa kisimani. Alitukaribisha kwa mikono miwili, akatukalisha kwenye meza chini ya kibanda, akaanza kupanga vile visahani alivyoandika Prosper. Nilihesabu kumi na moja: kuku mbichi aliyekatwa vipande vyembamba hata unaona rangi ya sahani chini yake, maini vile vile, yai bichi, mchicha, chipukizi za choroko, majani ya kitunguu, karanga za kusaga, pilipili, siki, na vingine viwili ambavyo sikuvitambua. Tambi zilikuwa kwenye bakuli lake, nyeupe, ndefu. Kisha akaleta bakuli kubwa la supu, akaliweka mbele ya Mama kwa uangalifu wa padre.

Wakati huo huo Shabani akasema adhuhuri imeingia, anakwenda kuswali, anarudi sasa hivi. Akaondoka na lugha yote.

Sasa nawaomba msome polepole. Ile supu ina mafuta ya kuku juu yake, yametanda kama kifuniko, hayaruhusu hata uzi wa mvuke kutoka. Chini yake inachemka. Ile nyama mbichi unatakiwa kuitumbukiza mara moja, na moto wa supu ndio unaoipika hapo hapo bakulini. Haya nayajua leo. Siku ile Mama aliona bakuli lisilotoa moshi, akanong'ona, "Amenipa supu iliyolala."

Pamoja na hayo, Bwana Li hakuonja. Nanyi mnajua desturi. Hata mbege, pombe yetu ya ndizi, anayekukaribisha hunywa yeye kwanza kwenye kata, kisha ndipo anakupa, ili ujue kwamba hakuna ubaya ndani. Mtu asiyeonja anakuambia jambo fulani, na si jambo zuri. Mama akakunja mikono mapajani akangoja aonje.

Bwana Li naye alikuwa anangoja Mama atumbukize nyama. Akatabasamu, akaonyesha visahani. Mama akatabasamu, akaonyesha bakuli. Akasogeza kuku karibu. Mama akasogeza bakuli kwake. Yule bwana akashtuka, akalirudisha haraka, akapunga mikono, akagusa midomo yake na kutikisa kichwa, kwamba usinywe, usinywe.

"Umeona?" Mama akaniambia. "Mwenyewe hataki kuinywa."

Nami nilifanya nini? Hakuna. Mimi mwalimu, mwenye cheti, nilikaa pale nikitazama njia ya msikitini. Bwana Li akaanza kutoka jasho. Mwisho akachukua visahani mwenyewe, akatia nyama yote kwa haraka, akakoroga. Lakini supu ilikuwa imeshapoa kiasi cha chai ya mtoto. Kuku akabaki na wekundu wake. Maini yakazama, yakaibuka, yakiwa vile vile.

Mama alitazama ndani ya bakuli muda mrefu. Nilimwona machozi yanamlenga, na hayakuwa ya hasira. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Miaka miwili mwanangu anakula hivi. Toa kalamu, Filo. Andika arudi."

Nilitoa kalamu. Ndiyo, niliitoa. Nilikuwa nimekasirika, nimekasirikia supu, nimemkasirikia Prosper na ukurasa wake wa pili, na zaidi ya yote nilikuwa nimemwonea Mama huruma.

Shabani alirudi akatukuta hivyo: Mama anafuta macho, mimi nimeshika kalamu, Bwana Li amesimama na kijiko kama mshtakiwa. Akauliza upande huu, akauliza upande ule. Alipomweleza Bwana Li habari ya kuonja, yule mpishi alijipiga paji la uso, akasema maneno mengi.

"Anasema hakujua," Shabani akatafsiri. "Anasema kwao mwenyeji akigusa bakuli la mgeni ni aibu. Anaomba nafasi nyingine."

Mama akabaki kitini. Bwana Li akakimbia jikoni. Tulisikia moto ukipulizwa. Akarudi na visahani vipya vya nyama na bakuli jipya, halina moshi kama la kwanza. Shabani akamwonya kitu, naye akamjibu kwa ufupi. Kisha akasimama mbele ya Mama, wima, akachota kijiko kimoja kutoka bakuli la Mama, akanywa.

Alijua fika kilichomo. Uso wake ukawa mwekundu, kisha mweupe, kisha machozi yakamtoka, akaruka mguu mmoja mara mbili, lakini alimeza. Akafungua mdomo kumwonyesha Mama kwamba kimekwenda.

"Ruwa wangu, Mungu wangu!" Mama akapiga kelele. "Ameungua! Filo, maji! Mnamwacha mtoto wa watu anaungua!"

Aliinuka mwenyewe, akamkalisha Bwana Li kwa mabega, akampa maji, akampepea na kanga. "Kwa nini hakupuliza?"

"Nilimwambia apulize," Shabani akasema. "Akasema akipuliza utadhani anasita."

Mama akacheka. Alianza kidogo, halafu akashindwa, akalazimika kushika meza, na Bwana Li na ulimi wake ule naye akacheka, na mimi nikarudisha kalamu mfukoni kabla mtu hajakumbuka.

Shabani akatumbukiza kipande cha kuku, na mara hii kikageuka cheupe kilipogusa supu. Mama alisogeza pua kuangalia. Bwana Li akaleta mabakuli mengine matatu, lake na yetu, lakini kujitilia Mama akakataa katakata. Badala yake akavuta bakuli la Bwana Li, akaanza kumtilia yeye: kuku, mchicha, yai, karanga nyingi, pilipili hapana kwa sababu ya ulimi. Bwana Li akaelewa, akachukua visahani vingine akamtilia Mama. Kisha Mama akaagiza mshare zake zichemshwe, akazikata vipande, akaongeza kwenye mabakuli yote manne, na moja ya yale maparachichi nalo likaingia. Bwana Li aliinama, akaonja ndizi, akafikiri, akaongeza siki kidogo. Wakatazamana kama mafundi wawili waliokubaliana kipimo.

Mnauliza ladha. Tambi zinateleza, huzikamati, ni lazima uzivute kwa pumzi bila haya. Supu ni nzito ya kuku na tangawizi, siki inakuamsha masikio, na karanga zinakuja mwishoni. Mshare inakaa humo kama imezaliwa humo. Mama alikula mpaka chini ya bakuli, akarudisha kijiko mezani.

"Muulize kama ana mama," akamwambia Shabani.

Anaye. Anaishi peke yake kijijini, na Bwana Li hajamwona kwa miaka mitatu. Mama akauliza yule mama anasema nini kwenye barua. Bwana Li alisikiliza swali, akatazama meza, akajibu taratibu.

"Anasema," Shabani akatafsiri, "kila barua mama yake anauliza jambo moja tu. Huko Afrika wanampa nini ale."

 Mama alichukua zile mshare zilizobaki, akazipanga zote kwenye kabati la Bwana Li.

KURUDI

Jumanne tulirudi na lori lile lile, likiwa na magogo, kwa hiyo nami nilikaa ndani. Mama hakutaja barua Boma Ng'ombe, hakuitaja Moshi, na Himo alilala. Sikuthubutu kuuliza. Kutoka Marangu tulipanda kwa miguu, na wanawake wa njiani wakatoka kuuliza habari za yatima, naye akawajibu tu kwamba tumefika salama.

Nyumbani alikoka moto, akakaa kwenye kigoda, akaniambia nilete kalamu na karatasi. Nikavileta. Nikamuuliza kama nianze na "Mpendwa Prosper".

"Prosper wa nini? Prosper amalize shule yake. Andika kwa mama yake Li. Prosper atamgeuzia kwa lugha yao na kumpelekea."

Nikaandika alivyosema, bila kuongeza neno, nami nawanakilia hapa kama ilivyo:

"Mama Li, kama umenizidi umri, shikamoo. Mimi ni mama yake Prosper, wa Mwika. Mwanao nimemwona kwa macho yangu, Jumatatu, mchana. Ni mzima. Mabegani amekonda kidogo, lakini anakula, nimekaa mbele yake mpaka akamaliza. Ulimi wake umeungua kwa ajili yangu, unisamehe, utapona. Usimwite arudi, aache kwanza amalize kazi. Mimi nitakuwa namwangalia. Nami nina wangu huko kwenu, mrefu, mweusi, ana kovu juu ya jicho la kushoto. Ukimwona muulize kama ameshiba, na akisema ndiyo, usimwamini."